Barua kwa mwanangu: ikifika saa nane, geuka

Sheffield
Jumatatu, 23 Machi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Naamini Idi imepita salama huko Glasgow na yale maandazi yalifika kabla hayajakauka. Sisi wazima. Mdogo wako anakohoa kidogo lakini anakula, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Wasiwasi wangu uko kwako.

Nakuandikia juu ya huo mlima wa Ben Lomond mnaokwenda kuupanda Jumamosi, kwa sababu kwenye simu hukunipa nafasi. Ulisema neno moja, ukacheka, ukaniaga, nikabaki na simu mkononi. Ulisema, "Mama, ni mita mia tisa tu, Bibi anaishi juu kuliko hapo." Nimelala na neno hilo siku mbili. Ni kweli. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kwenda kwa bibi yako unapanda tena kutoka mjini. Ben Lomond yote, mpaka kileleni, ni mita 974. Hesabu yako haina kosa. Lakini bibi yako yuko karibu nyuzi tano tu kusini ya ikweta, jua linampita utosini. Wewe utakuwa nyuzi 56 kaskazini, mwezi wa tatu, na upepo unakuja kutoka bahari ya Atlantiki haujakutana na kitu cha kuuvunja nguvu. Kwa bibi ukipanda unakuta kabichi na migomba na watoto wanakwenda shule na masweta. Huko ukipanda mwezi huu unaweza kukuta theluji iliyokazana kama sakafu ya saruji. Mita za huko na mita za kwetu hazilingani, mwanangu.

Kwa hiyo nalitanguliza neno langu, mengine yafuate. Jumamosi, ikifika saa nane mchana, popote mlipo, geuka. Hata kama kilele unakiona. Hata kama wenzako wanasema imebaki robo saa.

Sikukatazi kwenda. Ile picha ya viatu uliyonitumia nimeifurahia mpaka nikamwonyesha mzee wa kipande cha jirani pale shambani, naye akavisifu, akasema soli ni nzuri. Nilitamani miaka mingi umpende huyu mama mlima kama ninavyompenda mimi, nikakata tamaa, na sasa umempenda mwenyewe, ukiwa mbali nami, kwa njia yako. Nimeshukuru. Lakini picha nimeiangalia tena usiku. Viatu nimeviona. Koti nimeliona, koti la bei ya godoro, na rangi yake inakupendeza. Suruali ya mvua sijaiona. Glavu nilizoziona ni zile za kufuma zenye matundu ya vidole ili uguse simu. Hizo ni za kungojea basi. Kesho kutwa ukipokea mshahara nenda kanunue suruali ya mvua, na kama hela haitoshi niambie, usione haya. Koti bila suruali ni nusu ya nguo. Maji yanashuka kwenye koti yanaingia mapajani, na paja likilowa mwili mzima umelowa.

Jana nilikuwa shambani tangu saa tatu asubuhi. Ungekuwepo. Nilikuta jalidi imetanda, nyasi nyeupe, udongo juu umeshika kama ukoko wa wali. Saa nne jua likapata nguvu, nikavua sweta nikalitundika kwenye uma wa kulimia, nikahisi joto mgongoni kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Saa tano wingu jeusi likaja kutoka upande wa nyika za juu, likashuka na mvua ya mawe, ikagonga lile turubai la kabichi kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Nikakimbilia bandani. Dakika kumi, basi. Nilipotoka jua lilikuwa linawaka, mapaa ya mabanda yote yanatoa mvuke, na upinde wa mvua umesimama juu ya bonde la Rivelin, mguu mmoja huku mguu mmoja kule. Halafu mvua nyepesi ikanyesha huku jua likiwaka, ile ambayo sisi watoto wa Lushoto tulisema simba anazaa. Halafu upepo. Halafu kimya kabisa, na yule ndege mdogo mwenye kifua chekundu akashuka karibu na mguu wangu kutafuta minyoo nilipokuwa nimechimbua. Yote hayo kabla ya chakula cha mchana!

Watu hapa hulalamikia mwezi huu. Mimi naupenda kuliko Julai. Kwetu mvua ikija inakaa, na jua likija linakaa. Machi ya huku ni kama kuishi siku nne ndani ya siku moja. Unajifunza kutembea na nguo zako begani, kuvaa na kuvua, kuvaa na kuvua, na ukishakubali hivyo hakuna saa inayokuudhi. Mwanga nao unaongezeka karibu dakika nne kila siku. Kwa bibi yako mchana wa Machi na mchana wa Julai hutofautiana kidogo mno, hakuna anayeuhesabu. Huku kila jioni napata zawadi ndogo. Nikitoka kazini saa kumi na mbili bado naona njia.

Yule mzee wa jirani ndiye aliyenifahamisha kwa nini inakuwa hivi, naye amelima pale miaka arobaini. Jua la Machi limeshapata nguvu ya kuipasha ardhi, lakini hewa ya juu bado ni ya baridi ya majira yaliyopita. Hewa ya chini ikipata joto inapanda kwa kasi, inagongana na ubaridi, inatengeneza mawingu marefu, yanashusha mvua na mawe. Jioni ardhi ikipoa, mawingu yanakufa. Ndiyo maana mara nyingi asubuhi ni safi, adhuhuri hali inachafuka, na magharibi anga linakuwa jeupe tena kama halijafanya lolote. Unaona sasa kwa nini naisema saa nane? Asubuhi nzuri ya Machi haikuahidi mchana. Mkifika Rowardennan, pale mnapoanzia kupanda, saa nne kuna jua na ziwa linang'aa, msiseme leo ni siku yetu. Tazameni saa.

Na saa yenyewe. Jumapili alfajiri ndipo saa zinasogezwa mbele. Jumamosi bado ni saa ya zamani, jua litazama kabla ya saa moja jioni. Najua mtu akili yake hutangulia, anaanza kuhesabu mwanga wa kesho. Usihesabu mwanga ambao haujaja.

Nimeisoma njia yenu. Ile ya kawaida kutoka Rowardennan ni kilomita 12 hivi kwenda na kurudi, kama masaa matano kwa mtu anayetembea vizuri bila theluji. Mkianza saa nne, saa saba au saa saba na nusu mnapaswa kuwa juu. Isipokuwa hivyo, basi kuna kitu kimewachelewesha, na kitu hicho kitawachelewesha wakati wa kushuka vilevile. Kuna njia nyingine ya mgongo wa Ptarmigan, ina mawe na mteremko mkali. Kama kuna ukungu msiiguse, hata kama kuna kijana katika kundi anayesema anaijua. Kila mita mia unayopanda joto hupungua zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo kama chini ni nyuzi tisa, juu ni tatu, na upepo unazila hizo tatu zote. Met Office, wale wa hali ya hewa, wana utabiri wa milimani peke yake, unaeleza upepo wa kileleni. Usisome ule wa mjini Glasgow. Upepo wa maili 40 kwa saa unamsukuma mtu wa kilo zako, na wewe tangu mfungo umepungua, nimeona kwenye picha za Idi.

Hapo hapo: najua umeanza kufunga Sita. Jumamosi usifunge. Shawwali ina siku nyingi. Kula, chukua chupa ya chai yenye sukari, na kitu cha mfukoni unachoweza kukila bila kuvua glavu. Tende zinatosha. Mtandio vaa ule wa sufu mwembamba niliokupa, si wa pamba. Wa pamba ukilowa shingoni ni kama kuvaa barafu. Na wa pili mkavu uweke kwenye mfuko wa nailoni ndani kabisa ya begi. Jinzi hapana. Hilo nadhani unalijua.

Alhamisi nilikwenda Stanage na akina mama wa kundi letu. Tulikuwa saba. Mmoja hajawahi kupanda kilima tangu aje nchi hii, miaka kumi na tisa, alikuja na kanga mbili ndani ya begi na akazitumia zote. Tulisimama pale kwenye ukingo wa mawe tukaangalia vivuli vya mawingu vikikimbia juu ya nyika, unaviona vinakuja, vinakufunika, unapata baridi kama mtu amefungua mlango, halafu vinapita, joto linarudi. Hakuna aliyesema kitu. Na sululu wamerudi! Yule ndege mwenye mdomo uliopinda kama mundu, ambaye jamaa zake tunawaona Tanga kwenye matope maji yakitoka. Kumbe hawa wa huku wakati wa baridi hushuka pwani, ikifika Machi wanapanda juu kutaga. Sauti yake inaanza chini inapanda, inapanda, halafu inatetemeka. Nilitokwa na machozi, sijui kwa nini, na mama yule wa kanga akanishika mkono.

Ikanyesha theluji ya majimaji njiani kurudi, tukageuka kabla ya kufika tulipopanga. Nilikuwa mimi ndiye kiongozi, nimeangalia saa, nimesema tunageuka. Wawili walinuna. Walinuna mpaka kituo cha basi.

Sasa nikuambie jambo. Ile jioni ya tambi unaikumbuka, sitaisimulia, wewe unaijua kuliko mimi. Ninachotaka kukuambia ni kwamba treni haikuchelewa.

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikalala masaa mawili, nikaamshwa na jua dirishani, jua kama hili la jana. Mlikuwa shuleni. Nikajisemea nitapanda treni ya Edale, nitembee kidogo, nirudi kabla hamjafika. Nilivaa lile koti la mjini na skafu. Nilikuwa na maandazi mawili na simu ya nusu chaji. Nikapanda kwa Grindsbrook, kijito kinaimba, wanakondoo wa kwanza wako bondeni, nikajiona niko nyuma ya nyumba ya bibi yako. Sikuwahi kukueleza hamu ile ilikuwaje. Miaka yote ile nilikuwa nalala mchana na kuamka usiku, nasukuma vitanda vya watu, na milima iko nusu saa ya treni, naiona kwa dirisha la ghorofa ya nne ninapofungua mapazia ya wagonjwa asubuhi.

Nikafika juu. Kinder Scout ni mita 636, hata mia saba haifiki. Nilikuwa na maneno yale yale uliyoniambia Jumamosi, mwanangu, yale yale kabisa: kwetu ni juu kuliko hapa. Nikataka kwenda mpaka Kinder Downfall, yale maporomoko ambayo upepo ukiwa mkali maji yake hurushwa juu badala ya kushuka. Saa nane niliitazama. Nakumbuka niliitazama, ilikuwa saa nane na dakika mbili, na njia niliyojia ilikuwa wazi nyuma yangu. Nikasema robo saa tu.

Ukungu haukuja kutoka mbali. Ulitokea pale pale nilipo, kama maziwa yanayochemka. Juu ya Kinder ni uwanda wa udongo mweusi wa mboji, umechimbwa na maji mifereji yenye kina kama kimo cha mtu. Unashuka kwenye mmoja, unapinda nao, unatoka upande wa pili, hujui tena umeelekea wapi. Nilimwona sungura wa milimani, wale ambao huwa weupe wakati wa baridi. Theluji ilikuwa imeshayeyuka, manyoya yake bado meupe, amekaa juu ya udongo mweusi kama kitambaa alichodondosha mtu. Nikamfurahia. Nusu saa baadaye nikamkuta tena, na mbele yake nyayo za viatu, nikashangilia kwamba kuna watu. Zilikuwa nyayo zangu.

Mvua ikaja na upepo. Vidole vikakataa kufungua zipu ya mkoba, maandazi yakabaki ndani nikiwa na njaa. Simu haikuwa na mtandao, kisha ikazima. Nilishuka upande usio wangu, kaskazini, gizani, mara nyingine kwa makalio, mpaka nikaona taa za gari kwenye barabara ya Snake. Mtu mmoja mwenye gari la kubebea kondoo akasimama. Alinipa chai kwenye kifuniko cha chupa, akanishikia kifuniko kwa sababu mimi sikuweza, akanileta mpaka mlangoni Sheffield na hakuniuliza swali hata moja. Sikujua jina lake. Namwombea mpaka leo.

Nikaingia ndani nikawaambieni treni. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Jiko lile lilikuwa la gesi na kiberiti. Mtoto wa miaka kumi na mmoja haachiwi mdogo wake na jiko la gesi mpaka saa tatu usiku. Tumeshalibadilisha, hili la sasa ni la umeme, lakini sahani moja ya nyuma imeanza kuchelewa kupata moto na fundi anasema kipuri chake ni pauni 60. Nitaona mwezi ujao.

Ndiyo maana sikupenda kukuchukua Kinder ulipokuwa ukiniomba. Uliniambia mara moja kwamba mama wa rafiki zako wanakwenda nao. Nilikujibu vibaya. Ulidhani sikutaka uwe nami.

Siku hizi nina dira na ramani, na nimefundishwa kuzitumia na akina mama wenyewe, Jumanne usiku, mezani, mpaka nimejua kusoma mistari ya mwinuko kama ninavyosoma chati ya mgonjwa. Wewe una ramani kwenye simu. Simu baridi inaiua. Chukua ya karatasi pia. Na tochi ya kichwani, hata kama mmepanga kurudi mchana, kwa sababu hakuna anayepanga kurudi usiku. Na filimbi. Ukihitaji msaada ni milio sita kwa dakika moja, unangoja dakika moja, unarudia. Ukisikia mitatu wamekujibu. Namba ni 999, unaomba polisi, halafu unasema unataka waokoaji wa milimani. Leo hii, kabla hujalala, tuma ujumbe wenye neno "register" kwenda 999, ufuate maelekezo watakayokurudishia, ili siku mtandao ukiwa mdogo uweze kuwafikia kwa maandishi. Usipojiandikisha kwanza haitafanya kazi. Wale waokoaji ni watu wa kujitolea, hawakutozi senti, wanaacha chakula chao mezani. Nimewasikia tena kwenye taarifa ya habari wiki iliyopita, wamekwenda kuwatoa watu usiku, na ndipo tumbo likanikata.

Kuna kitu kingine nataka ukijue, kwa kuwa ulisema wenzako wanaujua sana mlima na wewe unajiona mgeni. Kule Kinder zamani ilikuwa imefungwa, ni mali ya wenye ardhi, walinzi wao wanakufukuza kwa fimbo. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana kwa mamia, wengi wafanyakazi kutoka Manchester, wakapanda kwa makusudi. Kundi jingine lilitokea huku Sheffield, likapita Edale. Watano walifungwa jela. Sheria ya kuifungua nyika kwa watu wa England ilikuja mwaka 2000, na huko kwenu Scotland mwaka 2003. Kwa hiyo wewe si mgeni pale. Watoto wa wafanyakazi ndio walioifungua njia, na wewe ni mtoto wa mfanyakazi. Tembea kama mwenye haki. Na mwenye haki ana haki ya kugeuka pia, bila kumwomba mtu radhi.

Swali Adhuhuri mkiwa njiani, mahali pakavu. Ukishatoa salamu, hapo ndipo uanze kuitazama saa.

Chumba chako kwa sasa ni cha viazi. Usikasirike. Ndicho chenye dirisha la mwanga wa asubuhi na hakina joto sana, nimezipanga mbegu kwenye trei za mayai, macho yanatazama juu, zimechipua vidole vya zambarau na kijani vyenye urefu wa ukucha. Ni Arran Pilot, mbegu iliyotoka kwenye kisiwa cha Arran, huko huko upande wenu. Watu wa hapa wana desturi ya kupanda viazi Ijumaa Kuu, mwaka huu ni tarehe 3 Aprili, lakini siku hiyo huhama karibu mwezi mzima kutoka mwaka hadi mwaka, nao udongo hauna kalenda. Mimi nachukua udongo mkononi naubana. Ukibaki donge linalong'aa maji, narudi nyumbani. Mwezi huu nimekwenda mara tatu nikarudi na jembe safi. Mwaka juzi sikurudi, nikapanda kwenye tope, nusu ya mbegu ikaoza, na zilizoota jalidi ya Mei ikazikuta nje, asubuhi majani meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Nililia kwa ajili ya viazi, mdogo wako shahidi.

Vitunguu saumu vya Oktoba vimesimama vizuri. Maharage mapana ya Novemba yamefika shibiri moja, upepo unayalaza lakini yanainuka. Sukuma wiki ya mwaka jana imeanza kutoa maua, nayakata nayakaanga na kitunguu, ni matamu kuliko majani. Rubabu niliifunika kwa ndoo tangu Januari, jana nimefunua nikakuta mabua mekundu yaliyokua gizani, laini kama vidole vya mtoto. Nitayapika na sukari, nitakuwekea chupa moja. Mchicha na majani ya maboga bado sana, hayo mpaka Juni. Kodi ya kile kipande imepanda tena, nimelipa.

Bibi yako alipiga simu Ijumaa. Masika yameanza, amepanda mahindi na maharage, na anaogopa barabara ya Mombo kupanda Soni, maana mvua zikizidi mawe hushuka. Bomba la kukinga maji limeng'oka upande mmoja, maji yanaingia ukutani. Nimemtumia nusu, nusu nyingine naomba uchangie ukiweza. Suruali ya mvua kwanza. Nilimwambia unapanda mlima Jumamosi. Akauliza kama huko juu una shamba. Nikamwambia huna. Akanyamaza, halafu akasema, mwambie asiende na viatu vya kuteleza.

Sufuria langu kubwa uliloondoka nalo Desemba nalihitaji kabla ya harusi ya binti wa mama yako mdogo. Na mdogo wako ana mtihani wa kuendesha gari tarehe 9, mpigie umtie moyo, usimcheke.

Jumamosi sitakwenda kilimani. Nitakuwa shambani napandikiza vitunguu, na simu itakuwa kwenye mfuko wa aproni, sauti juu kabisa. Usinipigie ukiwa kileleni. Hapo utakuwa na furaha, nitafurahi nawe, lakini bado hujashuka. Nipigie ukiwa umekaa kwenye gari, umevua viatu, una chai. Nipigie hata kama mmegeuka mapema, na hasa kama mmegeuka mapema. Ukinena "Mama, tuligeuka", sitauliza kwa nini.

Nakupenda,
Mama yako

Nimesahau: glavu za sufu ngumu, zile za kijivu, ziko kwenye bahasha hii hii. Zilikuwa zangu. Nimeziba tundu la dole gumba.